Kwa binti yangu uliye bwenini: kuhusu hicho Kifaransa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipata. Dada yako ndiye aliyeisoma kwa sauti, na mama yako alicheka sana ulipofika kwenye uji wa shule. Huku Kigoma tu wazima. Bibi yako mguu bado unamsumbua, ila anatembea, na ugomvi wake na mbuzi wa jirani unaendelea.

Sasa niingie kwenye lililonishikisha kalamu. Unasema Kifaransa kinakuboa na unataka kuomba utolewe KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) uende HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Sikukatazi. Tahasusi ni yako, na chumba cha mtihani utaingia wewe. Lakini barua yako niliirudia kwa jicho la mwalimu, maana kustaafu ni kwa karatasi tu, nikaona umetaja mambo mawili yasiyofanana ukayaita jina moja. Kipindi cha sarufi mnanakili majedwali ya vitenzi ambavyo wewe unavijua tangu kidato cha tatu, unasinzia. Kipindi cha kusikiliza Wafaransa kwenye spika wanaongea kama wanakimbizwa, huambulii kitu, nako unasinzia.

Kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani, Reinhard Pekrun, aliyeandika mwaka 2006 kuhusu hisia za wanafunzi. Kwa maelezo yake, mtu huboeka kazi ikiwa nyepesi mno kwake au ikiwa nzito mno, na hali huwa mbaya zaidi asipoona kazi yenyewe ina maana gani kwake. Niliposoma hayo niliwakumbuka wanafunzi wangu wa dawati la nyuma. Mmoja kamaliza zoezi zamani, anachora mitumbwi pembeni mwa daftari. Mwenzake kapotea tangu wiki iliyopita na anaona haya kuuliza. Wote wawili wanapiga miayo, na ukiingia darasani haraka haraka utasema wavivu hao. Ukiwapa wote zoezi gumu zaidi, wa kwanza ataamka na wa pili hutamwona tena kipindi kijacho.

Wewe, mwanangu, ni wote wawili, inategemea ni kipindi gani.

Kwenye sarufi usimlaumu mwalimu wako. Darasa limejaa, na wapo wenzako ambao majedwali hayo bado hawajayaweza. Maliza kunakili, kisha chukua vitenzi vilevile utunge sentensi zako mwenyewe. Andika umbea wa bweni ukitaka, maana hakuna kinachohitaji nyakati zote za kitenzi kama umbea: nani alisema nini, nani angesema nini kama matroni asingetokea. Kisha mpelekee mwalimu asahihishe. Walimu tunapenda sana kusahihisha kitu ambacho hatukukitoa sisi.

Kwenye kusikiliza, shuka ngazi bila aibu. Tafuta sauti fupi yenye maandishi yake, usikilize huku unasoma, halafu ufunike maandishi usikilize tena. Na ukiwa nyumbani, Simba yako ikicheza na timu ya Kongo, tafuta matangazo ya Kifaransa. Unajua tayari kona ni nini na kadi nyekundu inatolewa kwa kosa gani, kwa hiyo nusu ya kazi macho yameshaifanya. Hata maneno ya makocha baada ya mechi utayafuata kuliko unavyodhani, kwa sababu makocha duniani kote wanasema mambo yaleyale.

Umegusia pia, kwa mstari mmoja tu kama vile si kitu, kwamba zamu ya kuongea ikikukaribia unajificha. Hapo nina neno. Mwaka 2014 Jean-Marc Dewaele na Peter MacIntyre walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa lugha za kigeni 1,746 kutoka pande nyingi za dunia. Waliona kwamba raha na woga si ncha mbili za kamba moja. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na wanawake ndio waliosema wanavisikia zaidi, raha zaidi na woga zaidi. Waliokwenda mbali katika lugha walisema wanaifurahia zaidi kuliko wanaoanza. Mimi hilo la woga sikulishangaa, nimekuona kwenye mdahalo wa Kiingereza: magoti yanagongana kabla, na ukishashuka jukwaani hatulali kwa simulizi.

Limebaki la faida, na hapa nitasema ukweli usiosemwa na vitabu. Wakongo wanaoshuka bandarini Kibirizi hapa Kigoma wanaongea Kiswahili na sisi. Hakuna atakayekulazimisha Kifaransa ili umuuzie chumvi. Lakini ikifika kwenye hesabu wengi wao hukihama Kiswahili wakahesabu kwa Kifaransa. Mama yako, darasa la saba, anasimama pale kwenye viroba vya chumvi ya Uvinza na yule mteja wake wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wanahesabu pamoja, na mama yako hakosei. Shuleni umefundishwa kwamba 70 ni soixante-dix na 90 ni quatre-vingt-dix, kama wasemavyo Ufaransa. Mama yako anasema septante na nonante, kama walivyorithi Wakongo na Warundi kutoka kwa Wabelgiji. Kuboeka hakujui, kwa sababu akipitiwa na namba moja, kiroba kimeondoka bure. Kinachomshinda ni karatasi. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ila risiti na barua za upande ule bado zinakuja kwa Kifaransa, na hapo huwa anatafuta mtu wa kumsomea, na mtu huyo naye hudai chai yake.

Kwa hiyo nakuomba usubiri hadi Desemba kabla hujaandika barua ya kuhama. Fedha kidogo ya matumizi anayo dada yako, atakapopita utampokea. Yule mama wa Kalemie amesema atavuka likizo ikianza, na mama yako keshamwambia kwamba safari hiyo karatasi zote utasoma wewe. Chai hutalipwa.

Baba yako