Kabla hujaipeleka barua ya kuacha kazi

Rafiki yangu wa chanda na pete,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, barua yako niliisoma kwanza harakaharaka, nikairudia usiku watoto walipolala. Unasema uhasibu umekuchosha, kwamba kila mtu ana wito wake isipokuwa wewe, na sasa unataka kuacha kazi ukae ujitafute. Kuchoka nakuelewa. Hapo kwenye kukaa ujitafute ndipo tunapopishana.

Mwaka 2018 watafiti Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha majaribio yao kuhusu shauku. Katika mojawapo, watu walionyeshwa video ya kuvutia juu ya mashimo meusi ya angani, wengi wakasisimka. Kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi kuhusu jambo hilohilo. Walioamini kwamba shauku ni kitu ambacho mtu anacho au hana, hamu yao ilipoa zaidi kuliko walioamini kwamba shauku hukuzwa. Nilipoyasoma hayo nikakukumbuka wewe: ushonaji, kisha upigaji picha, kisha ile kozi ya kupamba kumbi. Kila kimoja ulikipenda mpaka siku kilipoanza kukudai.

Ukijiuliza unapenda nini, utajibu chochote. Hata mtoto ana jibu. Jiulize adha ya kazi gani unaweza kuibeba bila kununa. Na hilo kwako nimelishuhudia kwa macho yangu. Siku ile nilipokupitia ofisini ulikuwa na yule karani mgeni, daftari lake limekataa kulingana na taarifa ya benki. Mwingine angemnyang'anya kalamu akamaliza. Wewe ulimuuliza tofauti ni ngapi. Akasema 360. Ukamwambia aigawe kwa tisa. Ikagawanyika bila baki. "Basi shuku kuna mahali umepishanisha tarakimu," ukasema, kisha ukanyamaza na mikono umeikunja, saa ya kutoka imeshapita na mimi nakusubiri mlangoni. Kijana akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka akakuta 840 ameiandika 480. Ule uso wako wa wakati ule, kamera haikuwahi kukupa.

Kwa hiyo siamini kwamba unauchukia uhasibu. Unachukia kufungiwa peke yako na majedwali kutwa nzima, ilhali raha yako ni kumuona mtu akielewa.

Utafiti mwingine, wa Amy Wrzesniewski na wenzake mwaka 1997, uliwauliza wafanyakazi wanaionaje kazi yao: njia ya kupata mshahara, ngazi ya kupandia cheo, au wito. Waliokuwa wasaidizi wa ofisi, kazi yao ikiwa ileile, waligawanyika karibu sawasawa katika makundi yote matatu. Walikuwa wachache, sitaki kuwatwisha mzigo mkubwa kuliko idadi yao, lakini wamenitosha kutilia shaka wazo kwamba wito unakungoja kwenye cheo fulani usichokuwa nacho.

Tena si lazima wito ukulishe. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akahamia ofisi nyingine za serikali, na huku akiandika. Mshahara ulitoka kwa mkoloni. Mashairi yalikuwa yake.

Usinielewe vibaya lakini. Bosi akikuambia mwenye wito hahesabu saa, wewe zihesabu. Maneno hayo yamewafanyisha walimu na wauguzi wengi kazi ya watu watatu kwa ujira wa mmoja. Na kama kinachokumaliza ni msimamizi anayekufokea mbele za watu, basi ondoka, ila ukatafute uhasibu kwingine. Hapo tatizo ni yeye.

Ushauri wangu ni huu: omba wageni wote wa idara upewe wewe uwaelekeze. Uliza pia vyuoni kama wanahitaji mwalimu wa uhasibu wa masomo ya jioni, ukiwa bado na mshahara. Fundisha muhula mmoja, sahihisha rundo zima la mitihani ambayo nusu yake hati hazisomeki, halafu jiangalie kama unataka kurudi. Ukikuta umenuna, utakuwa umelijua bila kukosa kodi ya nyumba.

Na hiyo barua ya kuacha kazi, kama umeshaianza, nitumie niipitie kwanza. Ukiwa na hasira huwa huweki nukta.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo akupendaye