Yah: Kontroli boksi mliyoniuzia, na fedheha mliyonitia mbele ya watu

Kwa Meneja Mkuu,

Assalam alaykum.

Naandika kwa adabu, na Mungu ndiye anayejua adabu hiyo naitoa wapi. Risiti yangu mnayo, masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomesha. Nataka kontroli boksi mpya, yaani kompyuta ya injini, iliyokubaliana na gari yangu, kama nilivyolipia. Au shilingi 1,450,000 zangu zirudi.

Mlipoifunga, gari ilikuwa ikiwashwa inanguruma sekunde moja inazimika, na kitaa cha ufunguo kinapepesa kwenye dashibodi. Huo ni ulinzi wa wizi, najua. Chipu iliyomo ndani ya ufunguo inasomwa pale kwenye swichi, na kompyuta isipoitambua haiachi injini iendelee. Ulaya waliufanya kuwa lazima kwa gari mpya mwaka 1998, na mie sina ugomvi nao. (Ingawa mwizi wa gari Unguja sijui ataikimbizia wapi, labda Chumbe.) Ugomvi wangu ni na kijana wenu wa kaunta.

Kijana huyo aliichomeka boksi kwenye mashine yake, akatazama kioo, akasema kwa sauti ya muadhini: "Mzee, boksi hii ni ya gari nyingine. Umeipata wapi?" Ukumbi mzima ukageuka. Nikatoa risiti, ina nembo yenu na saini ya mtu wenu. Hakuisoma. Akanitaka nilete kadi ya gari, ripoti ya polisi na barua ya sheha. Barua ya sheha! Niende kwa sheha wetu, ambaye wanawe nimewasomesha mie, nimwambie niandikie kwamba si mwizi.

Kabla ya hapo mlinambia tatizo ni intaneti, seva ya watengenezaji haifunguki. Halafu ikawa mwenye nywila ya kuingilia yuko Dar. Na fundi wenu, siku ileile aliyoifunga, alisema niwe na subira, kompyuta itajizoea yenyewe gari ikitembea. Itembee vipi, yakhe, na haiwaki?

Fundi wangu wa Mwanakwerekwe alijitolea kuhamisha kumbukumbu ya boksi ya zamani iingie kwenye hii, maana ile ya zamani chumvi imekula pini tu, ndani ni nzima. Mkamkatalia: akiifungua, waranti imekwisha. Haya, hakuifungua. Waranti yenyewe imenifaa nini?

Kontroli boksi mpya hutoka kiwandani haina nambari ya chesisi ya gari yoyote. Huandikwa nambari hiyo siku inapofungwa, na kwa gari kama yangu ni lazima mashine iwasiliane na seva ya mtengenezaji ndipo ikubali. Inayokuja na nambari ya gari nyingine ni ile iliyokwisha kutumika ikang'olewa. Maneno ya kijana wenu ndiyo hayo: ni ya gari nyingine. Basi hiyo mpya niliyolipia iko wapi? Mmeniuzia kitu kilichotolewa kwenye gari iliyokufa, mkakifuta vumbi, mkakitia kwenye boksi la karatasi lenye plastiki yake, kwa bei ya kipya.

Narudi kwenye lile la kaunta kwa sababu halijanitoka. Kwenye benchi alikuwepo mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana filta ya oili mapajani. Kijana aliposema "umeipata wapi?", mkwe wangu akainamisha kichwa akaanza kulisoma lile boksi la filta. Akausoma upande mmoja, akaligeuza, akausoma wa pili. Mlinzi wenu akasogea mlangoni. Kijana akaichukua kontroli boksi niliyoilipia, akaitia nyuma ya kaunta, akasema itabaki pale "mpaka uchunguzi ukamilike". Nikatoka mikono mitupu na mkwe wangu bado anasoma. Sasa gari haingurumi hata hiyo sekunde moja.

Nilipoanza barua hii nilitaka boksi au pesa. Nimebadilisha rai. Nataka pesa yangu yote, gharama ya kuivuta gari kutoka Fuoni, na fidia ya wageni wa Paje niliowaachia madereva wengine msimu huu mzima. Na kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, kwa sauti ileile. Mkwe wangu nitamwita mwenyewe.

Nawapa mpaka Ijumaa. Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na risiti yangu. Nikitoka hapo napita polisi, kwa kuwa nyinyi ndio mliotangulia kuwataja: kifaa chenye nambari ya gari ya mtu mwingine kimo nyuma ya kaunta yenu, na mtakaoulizwa mmekipata wapi ni nyinyi.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, yenye muhuri.

Mteja wenu,
Fuoni, Unguja