Baiskeli Zipande Amani, Lakini Njia Zikatwe Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu baiskeli za milimani na misitu ya Usambara Mashariki, jambo linalotugusa sisi wakazi wa jiji la Tanga kuliko tunavyodhani. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, na kwa miaka michache sasa nimekuwa nikiletewa na vijana baiskeli za mtumba zenye gia nyingi, shokomzoba za mbele na tairi za kashata, wakitaka niwakazie breki kwa sababu mwisho wa juma wanapanda hadi msitu wa Amani, huko Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nimepanda mara nyingi, na naijua raha ya kutoka kwenye jua la michungwa ya Muheza ukaingia kivulini pale Zigi, ukausikia mto kabla hujauona. Ninachoomba ni kwamba vijia vya msitu ule vikatwe upya kwa namna inayofaa baiskeli kabla havijazoeleka kuwa uwanja wa kuteremkia, na kwamba vifungwe kwa baiskeli majira ya masika.

Sababu yangu ya kwanza ni maji. Mto Zigi unakusanya maji yake katika miteremko ya Amani na milima jirani, unapokea maji ya mto Kihuhwi, kisha unaingia katika bwawa la Mabayani, ambako ndiko maji ya mabomba yetu ya mjini yanakotoka. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hupokewa na majani, mizizi na mboji kabla haijafika mtoni, ndiyo maana mto haukauki wakati wa kiangazi wala haugeuki tope kila wingu linapopasuka. Najua kwamba baiskeli kumi haziwezi kulinganishwa na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, wala na wachimbaji wa dhahabu walioivamia Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuuchafua mto kwa udongo walioufukua. Lakini madhara ya mashamba na machimbo tumekwisha kuyaona na kuyasemea, ilhali haya ya baiskeli ndiyo kwanza yanaanza, na bado ni rahisi kuyazuia.

Niliyajua kwa kuanguka. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilikuwa nikiteremka kijia kinachotoka juu ya mashamba ya chai kuelekea bondeni, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, nikabana breki ya nyuma kwa hofu. Gurudumu likagoma kuzunguka, likaburuzika kama jembe la plau kwa hatua zisizopungua ishirini, kisha nikajikuta nimelala ubavu katika magugu. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda na mzigo wa iliki akasimama, akanipa mkono nikainuka, ndipo akauangalia ule mfereji niliouchora. “Mwanangu, pole,” aliniambia, “lakini hapo ulipopita wewe, kesho maji yatapita.” Nikamjibu, “Nisamehe, baba, sikukusudia.” Niliporudi baada ya wiki tatu nilikuta mfereji ule umezama hadi kwenye kifundo cha mguu, na watu wameacha kuutumia, wakafungua njia nyingine pembeni, juu ya miche.

Kwa wasioendesha milimani, nieleze kidogo jinsi uharibifu huo unavyotokea, maana mara nyingi lawama huelekezwa kwenye uzito wa baiskeli, na uzito sio tatizo kubwa. Gurudumu linalozunguka hukandamiza udongo tu, pengine kidogo kuliko kisigino cha mtu aliyebeba mzigo. Gurudumu lililogoma ndilo linalochimba, na hugoma zaidi pale njia inaposhuka wima kuufuata mteremko. Vijia vingi vya Usambara ndivyo vilivyo, kwa sababu vilianzishwa na watu wa miguu waliotaka kufika upesi, na mtu wa miguu ana vidole vya kujishikizia. Maji nayo huipenda njia ya wima kuliko nyingine zote: yakiingia katika alama ya tairi hayana pa kutokea, huongeza kasi, hubeba udongo mwekundu, na hayasimami mpaka mtoni. Njia ya baiskeli inayodumu hukatwa ubavuni mwa mlima, ikapanda kwa wastani usiozidi mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, mwinuko wake usifike nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na ukingo wake wa nje ulale kidogo ili maji yaivuke njia badala ya kuifuata. Pale isipowezekana, panawekwa makinga maji ya mawe au magogo. Kazi yote hiyo inahitaji jembe, sururu na jicho la mtu aliyewahi kukaa nje wakati mvua inanyesha akatazama maji yanakwenda wapi.

Wala si maarifa mageni huku kwetu. Wajerumani walipojenga reli ndogo ya kutoka Tengeni hadi Zigi, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya kuteremsha magogo, iliwalazimu kuuzungukazunguka mlima kwa sababu garimoshi halipandi wima. (Walikuwa wakiumaliza msitu kwa reli hiyo, kwa hiyo siwasifu, ila ujuzi wa kupima mwinuko walikuwa nao.)

Tunaweza pia kujifunza kwa wenzetu waliotangulia. Mchezo huu ulipata umaarufu katika miaka ya 1970 kwenye Mlima Tamalpais, katika jimbo la California nchini Marekani, ambako vijana waliteremka kwa baiskeli kuukuu, na breki zao za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zikichemka hadi grisi ikageuka moshi, ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya kila baada ya kuteremka. Mimi kama fundi habari hiyo hunichekesha kila ninapoikumbuka. Lakini mlima huohuo ulikuja kuwa uwanja wa mabishano makali kati ya waendesha baiskeli, wapanda farasi na watembea kwa miguu, na vijia vingi vyembamba vya huko vikafungwa kwa baiskeli. Watu walitangulia, utaratibu ukafuata, na aliyepoteza zaidi ni mwendesha baiskeli.

Huku kwetu anayekutana na baiskeli kijiani si mtalii mwenye fimbo ya kutembelea. Ni mama mwenye mtungi au mzigo wa kuni kichwani, ambaye hawezi kugeuza shingo wala kuruka pembeni, na ni watoto wanaotoka shule. Kengele, ambayo vijana wengi huniomba niing'oe wakidai inaharibu sura ya baiskeli, ingekuwa sharti la kwanza langoni, na kushuka na kukokota unapompita mtu mwenye mzigo lingekuwa la pili. Tena kando ya vijito, kwenye mawe yenye unyevu na kivuli, humea lile ua dogo la zambarau ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na ambalo leo limo madirishani mwa nyumba duniani kote kwa jina la Saintpaulia. Kijia kikivushwa kijito mahali pabaya, ua hilo ndilo la kwanza kukanyagwa katika makao yake lenyewe.

Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina zaidi ya hekta 8,000, kwa hiyo nafasi ipo. Ombi langu kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa serikali za vijiji ni kuchagua njia mbili au tatu tu, kwa kuanzia, wawape vijana wa vijiji hivyo kazi ya kuzikata na kuzitengeneza kila baada ya mvua, na malipo yao yatoke katika kiingilio cha waendesha baiskeli. Barabara ya magari ya kutoka Muheza ibaki wazi mwaka mzima, kwani huko baiskeli haidhuru kitu. Kuanzia Machi hadi Mei vijia vipumzike. Vijana watalalamika, hasa wale wanaoamini kwamba tope ndilo utamu wenyewe, na kwao nasema waje kibandani niwaonyeshe rimu na pedi za breki zilizoliwa na udongo ule kwa safari moja tu.

Kijia nilichokiharibu bado nakikumbuka kilipo. Kikichaguliwa kuwa miongoni mwa vitakavyokatwa upya, nitakwenda na sururu yangu.

Wako,
Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.