Fundi mitambo, usiizime hiyo kelele

Mhariri,

Anayesikia kwa mara ya kwanza gitaa na dramu zikipigwa bila wimbo uliopangwa husema ni vurugu tupu. Mara nyingi muziki huo huwa umeshaharibikia mikononi mwa fundi mitambo wa sauti kabla haujamfikia.

Mpiga gitaa Derek Bailey wa Sheffield, Uingereza, na mpiga dramu Han Bennink wa Uholanzi walirekodi muziki wa aina hiyo pamoja, wawili tu, mwaka 1969. Bailey alizoea kugusa waya juu ya freti (vijichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya 5, 7 au 12 bila kuubana, ukatoa mlio mwembamba kama wa kengele. Bennink hukandamiza ngozi ya snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, kwa kisigino huku anaipiga, sauti ikapanda na kushuka. Mpiga udi wa taarab naye hubuni papo hapo katika taksim, kipande anachopiga peke yake, ila ana maqamu, yaani mpangilio wa noti, ya kumwongoza. Hawa wawili waliongozwa na masikio tu. Mmoja asipomsikia mwenzake, kazi imekufa.

Kwa hiyo amplifaya ya gitaa iwe kando ya dramu, kama mita moja na nusu, juu ya kiti. Ikikaa sakafuni humpigia mpigaji miguuni, naye kwa kutojisikia ataongeza sauti hadi ayameze matoazi. Ikianza kuvuma, tafadhali usikimbilie mikisa, meza ya kurekebishia sauti! Spika inautikisa waya, pikapu, yaani kinasa mtikisiko cha gitaa, inaurudisha mtikisiko kwenye spika, na mpigaji anauongoza mvumo huo kwa kusogea hatua moja au kugeuza bega. Ukiukata, umemnyang'anya ala yake.

Dramu zinatosheka na maiki mbili, mita moja hivi juu ya matoazi. Pima kwa kamba: zote ziwe umbali sawa na snea, la sivyo mawimbi yanafutana na snea inasikika kama kopo. Geti, vile vifaa vinavyokata sauti ndogo, zima kabisa. Zinafunga mkwaruzo wa brashi kwenye ngozi, na mkwaruzo huo ni nusu ya muziki wenyewe.

Wanaorekodi kwa simu nao waangalie. Simu nyingi hujipunguzia sauti zenyewe: pigo moja la kiki (dramu kubwa ya mguu), gitaa linazama, kisha linarudi taratibu. Tumia programu inayoruhusu kuzima urekebishaji huo, na kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kipimo.

Wadau wa mitambo na muziki,
Dar es Salaam