Shukrani kwa mzee wa chooni pale Korogwe

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuuliza, basi lilikuwa linaondoka. Ulivaa kofia ya kufuma na ulikuwa ukipokea hela za choo.

Mwanangu ana miaka 14 na ana usonji. Ananizidi kimo, ndevu zimeanza kuchomoza, lakini chooni bado anahitaji msaada: zipu, kujisafisha, kunawa. Upande wa wanawake walipiga kelele atoke. Siwalaumu, waliona mwanamume. Upande wa wanaume mimi nitaingiaje? Milango ilikuwa inabamizwa, naye keshaziba masikio, anajipiga kichwani.

Hukuniuliza "huyu ana nini". Uliingia ukasubiri waliokuwemo watoke, ukafunga lile bomba lililokuwa likimwaga maji kwa kishindo, ukaweka ndoo mlangoni. Ukawaambia wa foleni, "Subirini, kuna mtu na mama yake." Mtu! Wengi humwita "hilo". Kisha ukasimama mlangoni umetupa mgongo mpaka tulipomaliza. Dereva akapiga honi, ukampungia mkono asubiri. Nilipokupa hela ulikataa.

Kila safari ya Arusha huwa namnyima maji tangu alfajiri, kwa hofu ya pale tunaposimama kuchimba dawa. Siku ile alikunywa chupa nzima, akalala hadi Same.

Mwezi wa 12 tutapita tena, mzee wangu. Nitashuka nikutafute, nikuulize jina, nikusalimie kwalo.