Mchele ulioniachia

Mdogo wangu, assalaam alaykum.

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, na atakayepita asome. Wete sote wazima. Ule mpapai wa uani umeangushwa na mvua.

Jana nimepika rizoto yako, ule wali wa Kitaliano. Usicheke. Nimeipika na kunde mbichi, kama ulivyofanya wewe mwezi wa saba ule, maana hayo maharage mapana ya huko Italia, yanayokuja baridi ikiisha na kumenywa mara mbili, ganda kisha ngozi, hapa nitayatoa wapi? Kunde humenywa mara moja. Kwa hilo nakusifu, ulitumia akili.

Siku ile naiona mpaka leo. Umesimama jikoni kwangu (ndiyo, kwangu, miezi minane namuuguza mama peke yangu), mwiko mkononi. Nilipoingia na ungo wa kunde, kitunguu na siagi vimeshanukia, mchele umo sufuriani. Ukakamulia ndimu pahala pa mvinyo wao. Kunde ukazitia zichemke ndani ya supu ya kuku kwenye jiko la pili. Upawa mmoja wa supu, koroga. Ikinyweka, upawa mwingine. Dakika 18 hukuuacha ule mwiko. Supu lazima iwe ya moto, ukasema, ya baridi huuchelewesha mchele kuiva. Nikakuuliza: "Huo wali au uji wa mgonjwa?" Sisi wali tunaupalia moto tukaenda zetu. Ukichambuka umeiva, ukishikana ni mashendea. Nilikuwa na haki ya kuuliza.

Mama akala sahani mbili. Mtu ambaye wiki nzima nilimbembeleza vijiko vitatu vya uji. Akajifuta mdomo, akasema, "Leo ndo nimekula."

Na wewe ukanitazama.

Ya mama nimesamehe, mgonjwa hashikwi kwa maneno yake. Kule kunitazama sijakusamehe.

Ukapanda boti, ukaniachia mfuko wa mchele ule mfupi mnene. Kila siku mama anauliza wali wa mdogo wako. Nikapika. Nikauosha maji matatu, mpaka maji yakatakata, kama alivyotufundisha yeye mwenyewe. Nani anapika mchele bila kuuosha? Punje zikawa huku, supu kule. Akaonja, akaisogeza sahani. "Siyo huu." Nikapika tena. Siyo huu. Nikakutumia sauti tatu kwenye WhatsApp, ukajibu baada ya siku tisa, alama ya moyo. Wiki ile tulikuwa tumeshamzika.

Mwezi uliopita nimeona video, bibi mmoja wa Kitaliano anasema mchele wa rizoto hauoshwi: wanga uliouzunguka ndio unaofanya rojo, ukiuosha umeumwaga na maji. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikasita, nazi mkononi. "Dada, usiuoshe." Lilikuwa neno la kukushinda hilo? Ningekuwa jikoni tangu mwanzo ningeona kwa macho yangu, lakini nilikuwa ukumbini namenya kunde zako.

Basi nakushauri, ukimfundisha mtu kitu, mwambie na lile unaloliona dogo. Mimi sikufundishwa, na sikuharibu kwa kusudi. Dawa nilimpa kwa saa yake, shuka nilifua usiku, uji nilimpikia wa kila namna. Matangani watu wananiambia, "Yule mdogo wako kamlisha mama yake chakula cha mwisho." Nikawaitikia, ndiyo, kamlisha. Sikukuvunjia heshima hata siku moja, ulijue hilo.

Jana nilitumia mchele wa Mbeya. Niliuchambua mawe tu, sikuuosha. Haukushika kama wako, lakini watoto walikomba sufuria. Wako umebaki vikombe viwili, nimeutia kwenye kopo na karafuu wadudu wasiingie.

Ukija, jikoni usiingie. Kaa ukumbini umenye kunde, nitakuita ukiiva.

Dada yako