Kosa la kompaila lisomwe, lisinyamazishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu ushauri ambao vijana wanaosomea kompyuta hupeana pale wanapopandisha toleo la mfumo endeshi wa Linux, kisha wakakuta programu huria waliyozoea kuijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wake haijengeki tena. Huambiana warudi kwenye mfumo wa zamani, au waongeze chaguo la -fpermissive, linalogeuza baadhi ya makosa kuwa maonyo, katika amri ya kujenga ili kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta) inyamaze. Naupinga ushauri huo, hasa wa pili.

Aliyetoka Debian 12 (Debian ni mojawapo ya mifumo ya Linux) na kuingia Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ameiacha kompaila ya GCC 12 na kuipokea GCC 14. Kuanzia toleo hilo la 14, kuita fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) ambayo haijatangazwa katika msimbo wa lugha ya C ni kosa linalosimamisha ujenzi, ilhali hapo awali lilikuwa onyo tu. Kanuni yenyewe si ngeni, kwani kiwango cha C cha mwaka 1999 kilikwisha kulikataza jambo hilo, na kwa takriban miaka 25 kompaila ikawa inavumilia. Uvumilivu huo uliwagharimu watu. Fanksheni isiyotangazwa huchukuliwa kuwa inarudisha namba nzima ya biti 32. Ikiwa kwa kweli inarudisha anwani ya kumbukumbu, ambayo katika kompyuta nyingi za leo ni ya biti 64, nusu ya anwani hupotea na programu huanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. Anayeinyamazisha kompaila huliacha kosa lilivyo, na mtumiaji ndiye atakayekutana nalo. Mara nyingi dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu uliosahauliwa wa #include, unaoingiza faili lenye tangazo la fanksheni hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kosa lisiloonekana kwenye skrini. Programu nyingi za zamani huanza na skripti ya configure, ambayo hutunga vijiprogramu na kuvijenga ili kupima uwezo wa mfumo. Kijiprogramu kilichoandikwa kwa mtindo wa kale hukataliwa na GCC 14, na skripti huhitimisha kwamba mfumo hauna uwezo huo hata kama unao. Ujenzi huendelea hadi mwisho, lakini programu inayopatikana imepungukiwa na hakuna aliyeambiwa. Kwa hiyo mabaki ya ujenzi wa zamani yafutwe kwa amri ya make distclean, kazi ianze upya, na faili la config.log, ambamo skripti huandika matokeo ya vipimo vyake, lisomwe.

Kosa la kushughulikiwa ni la kwanza, kwa kuwa mengi yanayofuata huzaliwa nalo. Likisema faili la openssl/ssl.h halipo, kwa kawaida msimbo hauna hatia. Kinachokosekana ni kifurushi cha libssl-dev, chenye faili hilo.

Ipo hali moja ambayo njia ya mkato naikubali. GCC 15, iliyotoka Aprili 2025, hutumia C23, kiwango kipya cha lugha ya C, isipoelekezwa vingine, na humo bool (aina ya thamani ya kweli au si kweli) ni neno la lugha yenyewe. Programu iliyojitungia bool yake haikukosea kwa kiwango ilichoandikiwa, na kuijenga kwa chaguo la -std=gnu17, linaloirudisha kompaila kwenye kiwango cha awali, ni sahihi hadi itakaporekebishwa.

Nawaomba walimu wa vyuo wayafanye makosa haya kuwa mazoezi ya darasani, na marekebisho ya wanafunzi yapelekwe kwa watunzaji wa programu husika, ambao wengi wao hujitolea na hawawezi kujaribu kazi yao kwenye kila mfumo mpya unaotoka.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro